Nta

Asali lilikuwa limeshachukuliwa.
Asali Moja, Asali Mbili, Asali ya Tabora,
Asali Mbichi, hata Asali Chungu
mtu kaishajitwalia.
Saa nne usiku, Isevya, umeme umekatika,
simu ina asilimia sita,
na kile kisanduku kinaniuliza: Unaitwa nani?
Nikaandika kinachobaki ukishakamua.
Nta.
Kikakubali papo hapo. Hakuna aliyekuwa amelitaka.

Mchana mimi ni Milembe Lugendo,
karani wa vifurushi, stesheni.
Mizani, muhuri, daftari lenye kona zilizoliwa na mende.
"Kitambulisho," nasema, hata kabla ya salamu.
Nimewahi kumrudisha mama mmoja hadi Usoke,
gunia lake la viazi likimwangalia,
kwa sababu stakabadhi ilisema Ntugwa
na kadi ikasema Ndugwa.
Herufi moja, mama. Sheria.

Usiku, Nta.
Mwanzoni walinicheka.
"Wenzako wamefuata nyuki wakala asali,
wewe ulikula nini?"
Nikajibu: Nilichelewa.
Basi wakanipenda kwa hilo,
na jina, kama kiatu cha mtumba,
likaanza kufuata umbo la mguu.
Milembe hawezi kukaa na siri hata kutoka Cheyo hadi sokoni.
Nta anaweza.
Wakaniletea nyufa zao:
mume aliyehama na godoro,
mtihani uliofeli mara ya tatu,
mtoto asiyepokea simu.
Sikuwa na dawa. Niliziba tu,
kidole kwa kidole, hadi kukicha.

Siku hizi nikiulizwa maana yake
nasema ni kwa ajili ya mama,
aliyekuwa akipitisha uzi kwenye bonge la nta
kabla ya kushona, ili usikatike.
Ni kweli alifanya hivyo.
Ila sikumkumbuka usiku ule. Nililichukua kwa kuwa lilibaki.
Mama kaja baadaye, kaingia humo mwenyewe,
kakaa.

Alikuwepo mmoja, Kigogo, wa upande wa Mpanda,
aliyeandika bila nukta,
bei ya uyoga na maumivu ya nyonga kwa pumzi moja,
aliyeniita "Nta wangu" kama anayeita jirani juu ya ua.
Tangu mwezi wa tatu, kimya.

Jumanne, behewa la Mpanda likashusha mfuko wa salfeti
ulioshonwa mdomo kwa katani.
Kwa wino mzito: NTA. STESHENI. TABORA.
Mtumaji: Kigogo.
Nikautazama mwandiko, nikajiuliza kama ni wake.
Sikuwahi kuuona wake.
Shija, mwenzangu wa zamu, akasoma kwa sauti,
akacheka: "Nta ndiyo nani?
Utakaa siku thelathini, halafu urudi ulikotoka."
Siku thelathini. Tangazo lile ukutani
nililibandika mimi.

Ukakaa rafuni.
Siku ya pili, ya tano.
Siku ya tisa ulianza kunukia uyoga mkavu,
msitu mzima umekunjwa ukatiwa mfukoni,
na mimi napiga mihuri ya watu wengine.

Siku ya kumi na moja nikazunguka kaunta,
nikasimama upande wa wateja,
pale sakafu ilipolika kwa miguu ya kungoja.
Sikuwa najua kwamba kutokea huku
dirisha liko juu hivi.
Shija akadhani natania. "Kitambulisho!"
Nikampa kadi. Akaisoma. Akautazama mfuko.
"Hapa pameandikwa Milembe."

Mdomo wangu haukuwahi kulitamka.
Lilikuwa la vidole tu, la gizani,
na sasa likatoka dogo, kama mtoto mgeni
aliyesimamishwa mbele ya darasa.
"Nta," nikasema. "Ni mimi."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Foleni.
Shija akashika kalamu, hakuandika.
Nikamfikiria yule mama wa Usoke,
viazi vyake, herufi yake moja.
"Linaandikwaje?" akauliza mwishowe,
bila kunitazama.
Nikamtajia, moja moja, zote tatu.

Kilo mbili na robo.
Bado sijaufungua.